Nilivyopima matokeo ya mradi wa bustani na lishe vijijini Malindi

Nambari za ripoti ya mradi wa ruzuku hujengwa kabla mbegu ya kwanza haijagawiwa. Hapo ndipo huamuliwa nani atahesabiwa, chakula gani kitahesabiwa na mwezi gani tutarudi kuuliza. Kazi yangu ni ufuatiliaji na tathmini ya miradi ya bustani za jikoni na mafunzo ya lishe katika vijiji vilivyo nyuma ya mji wa Malindi, upande wa Ganda, Kakuyuni na Jilore. Nitaeleza ninavyopima, na hasa mahali nambari zinapopotoka.

Naanza na majira, maana ndiyo yanayodanganya kuliko kitu chochote. Wakati wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, bahari imetulia na samaki wapo, lakini bara ni kukavu na mboga ni za kutafuta. Kusi ikishika, masika nayo yakinyesha, mchicha na majani ya kunde hujaa, huku mitumbwi midogo ikishindwa kutoka nje ya mwamba na samaki wakipanda bei. Ukichukua takwimu za msingi Februari na za mwisho Juni, mboga zitakuwa zimepanda sana, na utaandika kwamba bustani zimefaulu. Kumbe ni mvua. Kwa hiyo hurudi mwezi uleule wa mwaka unaofuata. Na hapo pia pana mtego: Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, hivyo mwezi uliokuwa salama mwaka huu huenda mwakani ukaingia ndani ya mfungo, wakati ulaji wa nyumba nyingi umebadilika. Kalenda zote mbili huangaliwa kabla tarehe haijaandikwa kwenye mpango kazi. Arusi ya jirani haiharibu takwimu, inagusa nyumba chache. Idi inagusa mji mzima. Na kwa kuwa masika ya mwaka huu si ya mwaka jana, naambatisha taarifa za kila mwezi za NDMA, mamlaka ya kukabiliana na ukame, kuhusu kaunti yetu ya Kilifi, ili msomaji aone hali ya mvua na bei za mahindi katika miezi yote miwili ya kipimo.

Kipimo ninachokitegemea zaidi ni aina za vyakula alivyokula mwanamke wa miaka 15 hadi 49 jana, mchana na usiku. Vyakula hugawanywa makundi 10, na aliyekula makundi 5 au zaidi huhesabiwa kuwa amefikia kiwango. Makundi ni nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika; kunde, yaani pojo, mbaazi na maharage; njugu, korosho na simsim; maziwa; nyama, kuku na samaki; mayai; mboga za majani za kijani kibichi kilichokolea; matunda na mboga nyingine zenye vitamini A kwa wingi; mboga nyinginezo; na matunda mengineyo.

Ugumu uko kwenye sufuria zetu. Mama aliyekula mchicha, kisamvu na mchunga siku moja ana kundi moja, si matatu. Wali, sima na muhogo ni kundi moja. Embe bivu na papai bivu huingia kwenye vitamini A, lakini embe mbichi ya chumvi na pilipili huenda kwa matunda mengineyo, pamoja na chungwa. Kiazi kitamu cheupe ni mzizi. Cha rangi ya chungwa ni vitamini A. Tui la nazi huwekwa upande wa mafuta, ambayo hayaongezi alama. Kisha ipo kanuni ya gramu 15, kama kijiko kikubwa kimoja: kilichopungua hapo hakihesabiwi. Nyanya moja ndogo katika sufuria ya watu wanane haimfikishii mtu gramu hizo. Maziwa ya kijiko kimoja cha chai hayahesabiki, ila kikombe cha chai iliyochemshwa kwa maziwa kinahesabika. Mambo haya yote huandikwa kwenye ukurasa mmoja, na kila mhoji hutembea nao. Wahoji wawili wakiyaamua kila mmoja kivyake, tofauti utakayoiona baina ya vijiji itakuwa ni tofauti ya wahoji.

Hatusomi orodha ya vyakula mbele ya mama. Akisomewa “mayai, je? maziwa, je?”, atajibu kwa adabu kile anachodhani mgeni anapenda kusikia. Tunaanza hivi: “Mama, tangu ulipoamka jana, kitu cha kwanza kutia kinywani kilikuwa nini?” Kisha tunakwenda naye hadi usiku, tukiuliza kilichopikwa nacho na alichokula nje ya nyumba. Na anayeuliza asiwe yuleyule aliyegawa miche. Awe pia anajua Kigiriama, kwa sababu majina ya mboga za porini hupotea mtu akihojiwa kwa lugha asiyopikia.

Mfadhili akitaka pia alama ya ulaji wa kaya kwa siku saba, mipaka ninayotumia kutenganisha ulaji duni, wa wastani na wa kutosha ni 28 na 42, si 21 na 35. Huku chai ya sukari na mafuta ya kupikia ni vya kila siku, na hupandisha alama hata kwa nyumba isiyo na kitoweo.

Idadi ya kuhoji nayo ina hesabu yake. Mradi wa kaya 300, ukitaka kukosea kusizidi asilimia 10 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, unahitaji kaya 73. Ongeza wasiopatikana, ziwe 80. Huchaguliwa kwa kura kutoka kwenye orodha nzima, kila kijiji kikitoa kwa kadiri ya ukubwa wake, si nyumba zilizo karibu na barabara. Ukilinganisha vipimo viwili vya namna hiyo vya watu tofauti, mwanya wa kukosea hufika karibu asilimia 14. Kwa hiyo waliofikia kiwango wakipanda kutoka asilimia 34 hadi 41, hilo halithibitishi kitu. Ndiyo sababu napenda kurudi kwenye nyumba zilezile, na jedwali langu lazima lionyeshe idadi ya waliohojiwa kando ya kila asilimia.

Mavuno ya mboga kina mama huyataja kwa fungu. Fungu la kiangazi ni jembamba, la masika limeshiba. Kila mwezi napima mafungu kumi kutoka nyumba mbalimbali kwa mizani ya kuning'iniza, natafuta wastani, na huo ndio hutumika kwa mwezi huo tu. Daftari la nyumba lina safu tatu: zilizoliwa, zilizouzwa, zilizogawiwa.

Mzingo wa mkono wa watoto wa miezi 6 hadi 59 tunaupima, lakini siuweki kuwa kiashiria cha mafanikio. Malaria au kuharisha kunaweza kuubadilisha kuliko bustani ya mwaka mmoja. Tunaupima ili mtoto apate huduma: chini ya sentimita 11.5 anapelekwa zahanati siku hiyohiyo, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 naye huandikiwa rufaa, na mwenye uvimbe wa miguu yote miwili hasubiri kipimo chochote. Mkono ni wa kushoto, umelegea, bila nguo, katikati ya bega na kiwiko. Kosa la kawaida ni kuvuta utepe hadi ngozi ikunjamane. Milimita chache tu humhamisha mtoto kundi.

Kila kaya ina nambari moja kwenye rejista zote. Mama aliyepata miche, akaja darasa la mapishi, mwanawe akapimwa, ni kaya moja iliyofikiwa, japo karatasi za mahudhurio zitamtaja mara tatu. Nambari hiyo ndiyo inayokwenda kwenye simu zenye KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu. Majina hubaki kwenye orodha iliyofungiwa, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inavyotaka tuwe waangalifu.

Kabla ripoti haijatumwa, matokeo hurudi barazani, yakionyeshwa kwa kokoto kwenye mkeka. Hapo nauliza yaliyonitatiza: mbona kuku wameongezeka na kundi la mayai halijasogea? Wenye kuku ndio wanaojua kama mayai yanauzwa, yanaatamiwa, au wanawekewa watoto peke yao. Jibu lao huandikwa chini ya jedwali kwa maneno yao, na daftari la mwaka unaofuata huongezewa mstari wa mayai wenye safu zilezile tatu.