Rudia

Tangu Jumamosi iliyopita kuna neno limenikaa kohoni, na ubaya wake ni kwamba ni neno langu mwenyewe.

Ni kwa ajili ya binti mmoja katika madrasa ninayofundisha, yule wa miaka tisa anayeketi karibu na mlango ili awe wa kwanza kutoka. Alikuwa akinisomea Suratul Ikhlas, sura fupi ya Kurani, akaanza kwa herufi kaf mahali pa qaf, nikamwambia arudie. Akarudia kwa kaf ileile, nikamwambia arudie tena. Mara ya nne aliweka kidole kwenye aya asipotee, akainua uso na kuuliza kwa adabu kabisa: "Ustadh, shuleni nikikosea mwalimu huniuliza nimefikiri nini. Hapa naambiwa nirudie tu. Kwa nini?"

Nikamjibu, "Rudia, mwanangu."

Wenzake wakacheka. Akarudia, kwa sauti ndogo mno hata sikuweza kujua ilikuwa kaf au qaf.

Wiki hii mwenye ukumbi ametupa notisi ya kuhama na ustadha wa darasa la wadogo amejifungua salama, alhamdulillahi, lakini mimi nimeshinda nikilijibu swali la Jumamosi. Nilijitetea kwa mama watoto kwamba mimi ninawapata saa chache tu mwisho wa wiki wakiwa wamechoka, na kwamba Juzuu Amma, ile ya mwisho katika Kurani, peke yake ina sura 37. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani jibu lenyewe lilikuwa refu?"

Halikuwa refu. Ukweli ni kwamba nina haraka kwa sababu nina hofu, na hofu hiyo si ngeni: katika karne ya 14 mwanahistoria Ibn Khaldun aliandika kwamba wazazi hutanguliza Kurani wakichelea kuwa mtoto akishabaleghe atawatoka mikononi. Huyohuyo alionya pia kwamba mtoto anayefundishwa kwa ukali hujifunza kuficha yaliyo moyoni mwake, na hapo ndipo ile sauti ndogo iliponirudia masikioni.

Leo, kabla ya darasa, nilimwita ubaoni nikamwandikia maneno mawili. Nikamweleza kwamba qul, neno la kwanza la sura ile, ni "sema" na kul ni "kula", na kwamba qaf hutoka nyuma kabisa, kwenye shina la ulimi. Akajishika koo, akajaribu, akaangua kicheko: "Kumbe wiki nzima nilikuwa naamrisha watu wale!" Kisha akanyamaza, akauliza kama alipata dhambi. Nikamwambia la, kwani Mtume ametufundisha kwamba anayesoma Kurani kwa kujikongoja, nayo ikiwa nzito kwake, ana ujira mara mbili.

Akafikiri kidogo. "Basi, Ustadh, kwa nini unataka niache kujikongoja?"

Safari hii niliyecheka ni mimi, na darasa likachelewa kuanza kwa dakika kumi, na aya tulizopanga hatukuzimaliza. Qaf yake ya leo ilisikika mpaka nje.

Naandika haya usiku, mvua imeanza, na sikumbuki kama nilifunga dirisha lililo juu ya kabati la misahafu.