Nani Anaongoza? Hesabu za Kibandani Busia

Uchaguzi wa Januari 2026 haujapoa masikioni mwetu, na tayari hapa Busia, upande wa Uganda, watu wameanza kugawiana wagombea wa 2031. Vyama hutajwa kwanza, kisha majina, na mwisho huja lile swali ambalo nimelisikia kila msimu tangu nianze kazi ya uwakala wa forodha: ndani ya chama hiki, nani anaongoza? Kazi yetu ni ya kusubiri, kwa maana karatasi za mzigo hukawia kuliko lori lenyewe, na mtu anayesubiri kibandani pamoja na wabadilisha fedha, vijana wa bodaboda na madereva waliotoka Mombasa hawezi kuikwepa siasa hata akiinamia kikombe chake. Tunabishana kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayowakutanisha Msamia, Mteso, Mganda na dereva Mkamba bila mmoja wao kuwa mgeni wa mwenzake.

Zamani mabishano ya namna hii yalikuwa na jukwaa lake. Redio za Kampala zilikuwa na vipindi vya wazi vilivyoitwa ebimeeza, ambapo watu waliketi kuzunguka meza na kupokezana kipaza sauti, na msikilizaji wa mbali kama mimi aliweza kupima, kwa makofi tu, upepo unavuma upande gani. Serikali ilivipiga marufuku Septemba 2009, wakati wa ghasia zilizozuka baada ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kuzuiwa kwenda Kayunga, na tangu hapo upimaji wa upepo umerudi vibandani na katika simu. Sisikitiki sana, kwani makofi yalikuwa yakitudanganya hata wakati ule.

Ninalo daftari la zamani la namba za malori, na kurasa zake za nyuma ndizo ninazoandikia utabiri wangu. Ukurasa wa kwanza ni wa Novemba 2012, chama cha upinzani cha FDC kilipokuwa kikimtafuta rais wa chama baada ya Dakta Kizza Besigye kuamua kung'atuka kabla ya muda wake kwisha. Waliojitokeza walikuwa watatu. Geoffrey Ekanya alikuwa mbunge kutoka Tororo, jirani yetu kabisa. Nathan Nandala Mafabi alikuwa mbunge wa Budadiri Magharibi, huko Sironko, tena kiongozi wa upinzani bungeni, na jina lake lilijulikana na kila mkulima wa kahawa wa Bugisu kupitia chama chao cha ushirika. Wa tatu alikuwa Meja Jenerali Mugisha Muntu kutoka Ntungamo, aliyeliongoza jeshi kwa takriban miaka tisa hadi 1998, mtu wa sauti ya chini ambaye hapa kibandani hakuwa na hata mtetezi mmoja. Niliandika jina la Mafabi kwa kalamu nyekundu, nikalipigia mstari, na nikamwekea dereva mmoja dau la kreti ya soda.

Muntu alipata kura 393, Mafabi 361, Ekanya 17.

Nilinunua soda, lakini maelezo niliyapata bure, nayo yalitolewa na kila mtu kwa uhakika uleule waliokuwa nao kabla ya matokeo. Walisema kura za mashariki ziligawanyika, kwamba Ekanya ndiye aliyemponza Mafabi, na kwamba lau angejitoa mapema mambo yangekuwa mengine. Maneno hayo yalirudiwa kwa wiki mbili hivi, mpaka siku moja nikageuza karatasi ya mzigo wa saruji na kuyajumlisha mbele yao: 361 na 17 ni 378, na 378 bado ni pungufu ya 393 kwa kura 15. Hata kama kila mjumbe wa Ekanya, bila kubaki mmoja, angehamia kwa Mafabi, Muntu angeshinda. Aliyekuwa akitoa hoja ile kwa sauti kubwa kuliko wote aliitazama karatasi, akanirudishia, akasema kwamba hesabu na siasa ni vitu viwili.

Mzee mmoja alikuwa amekaa kimya siku ile. Ni mwalimu mstaafu, na kwa heshima hiyo wote tunamwita Mwalimu, ingawa wachache kati yetu aliwahi kutufundisha. Alikuwa mjumbe wa mkutano ule wa FDC, kadi yake ya mjumbe ilining'inia katika msumari juu ya redio sebuleni kwake, na sisi sote tuliotabiri kwa majuma mawili mfululizo hatukuwa tumemuuliza neno. Nilimfuata baadaye nyumbani kwa aibu kidogo.

"Mwalimu, tulikosea wapi?"

"Mwanangu, nyinyi mlikuwa mkiniambia nani anashangiliwa Mbale," alisema. "Mngeniuliza nani anazijua simu za makatibu wa wilaya, ningewaambia mapema."

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba karibu uvumi wote kuhusu anayeongoza katika uteuzi wa chama unatokana na kuwachanganya wapiga kura wa aina mbili. Kura zilizohesabiwa mwaka ule zilikuwa 771, idadi ya watu ambao uwanja wa shule ya msingi unawatosha wakabaki na nafasi ya kucheza mpira. Watu hao si sampuli ya taifa. Ni viongozi wa chama kutoka wilayani, wabunge, wawakilishi wa vijana na wa wanawake, watu walioacha maduka na mashamba yao, waliopanda basi usiku na kulala mahali ambapo mtu fulani amelipia. Anayetaka kujua nani anaongoza hana budi kuuliza nani aliwatembelea makwao wakati hakuna kamera, na nani anaandaa orodha yao. Mafabi aliyalalamikia matokeo yale, na malalamiko yake, kweli au si kweli, yalihusu namna uchaguzi ulivyoendeshwa. Hakuna aliyebishana juu ya ukubwa wa mikutano ya hadhara.

Kwa chama tawala cha NRM swali lenyewe hubadilika sura. Februari 2014 wabunge wa NRM walikutana Kyankwanzi, na hoja ikaletwa kwamba Rais Museveni awe mgombea pekee wa chama mwaka 2016. Evelyn Anite, aliyekuwa mbunge wa vijana wa Kaskazini, alipiga magoti kuiombea hoja hiyo. Wakati huo kila gazeti lililofika kibandani lilikuwa likipima nguvu za Amama Mbabazi, Waziri Mkuu na wakati huohuo Katibu Mkuu wa chama, na nilisikia watu wazima wakiapa kwamba ana matawi yote mkononi kwa sababu daftari la wanachama lilipita mezani pake. Huenda lilipita. Lakini Septemba 2014 aliondolewa katika uwaziri mkuu, na Desemba wajumbe wakakutana Namboole wakaibadilisha katiba ya chama ili Katibu Mkuu awe mtu wa kuteuliwa, si wa kuchaguliwa. Mbabazi alitangaza nia yake kwa video mwezi Juni 2015, na kufikia mwisho wa Julai alikuwa amekwisha kusema kwamba atasimama kama mgombea binafsi. Katika uchaguzi wa Februari 2016 hakufikisha asilimia 2 ya kura. Ukurasa wangu wa NRM una majina mawili na alama ya kuuliza, na sasa nauona kuwa wa kijinga kuliko ule wa soda, kwa sababu nilikuwa nikikadiria mbio ambazo hazikuwahi kukimbiwa. Katika chama cha namna ile, kabla ya kuuliza nani anaongoza, yafaa kuuliza kama karatasi ya kura itakuwa na majina mawili.

Septemba 2015 FDC ilirudi tena, safari hii kumchagua mpeperusha bendera wa urais. Besigye, aliyekwisha kushindana na Museveni mara tatu, mwaka 2001, 2006 na 2011, alichukua fomu, na mpinzani wake akawa Muntu, rais wa chama aliyekuwa madarakani. Nilijiona nimeshaelimika. Nilikumbuka simu za makatibu wa wilaya, nikakumbuka kwamba Muntu alikuwa ametumia karibu miaka mitatu kuzunguka nchi akijenga matawi, na nikaandika kwamba watakaribiana sana, pengine Muntu apite kwa kura chache. Besigye alipata 718. Muntu alipata 289.

Nilizitazama namba hizo kwa muda mrefu kuliko zile za kwanza. Wapiga kura walikuwa wameongezeka kutoka 771 hadi 1,007, na mtu aliyekuwa na ofisi, magari na miaka mitatu ya kuwatembelea alikuwa amepata kura 104 chini ya zile alizopata akiwa hana kitu. Kanuni ya Mwalimu ilikuwa imevunjika, au ndivyo nilivyodhani, nikaenda kumshtaki nayo mwenyewe. Alikuwa akimenya mihogo. Alisema kwamba alimpigia Muntu mwaka 2012 na Besigye mwaka 2015, na hakuona ugomvi wowote kati ya kura zake mbili: mara ya kwanza walikuwa wakimtafuta mtu wa kukaa ofisini Najjanankumbi, makao makuu ya chama, mara ya pili wakamtafuta mtu wa kusimama juu ya gari barabarani huku moshi wa machozi ukifuka. Kwa maoni yake wajumbe walikuwa wametambua tofauti ya kazi hizo mbili kuliko sisi tuliokuwa tukihesabu ziara. Mimi nadhani alikuwa akiwasifu wenzake kupita kiasi, kwani wapo waliofuata tu upepo uliovuma katika wilaya zao. Lakini sikuwa na la kumjibu, na mihogo ilikuwa mizuri.

Ukurasa wa Novemba 2017 ndio pekee ninaouonyesha kwa watu. Muntu alikuwa akitetea urais wa chama dhidi ya Patrick Amuriat, aliyewahi kuwa mbunge kutoka Kumi na ambaye alijulikana kuwa upande wa siasa za Besigye. Safari hii sikuuliza nani ana ofisi wala nani ana makofi. Niliuliza wajumbe wanadhani wanaajiri mtu wa kazi gani, nikaandika Amuriat, na Amuriat akashinda. Mwaka uliofuata Muntu aliondoka FDC, na 2019 akaanzisha chama chake cha ANT.

Siku chache kabla ya kura hiyo, kijana mmoja wa bodaboda alikuwa ameendesha kura ya maoni katika kundi letu la WhatsApp, na alinijia mbio na simu yake kunionyesha kwamba utabiri wangu umekufa: Muntu alikuwa mbele kwa mbali, na watu zaidi ya themanini walikuwa wamejibu. Nilimwomba anihesabie ni wangapi katika hao walikuwa wajumbe. Alishuka na kidole gumba kwenye orodha, jina baada ya jina, mpaka akafika chini, akarudi juu, akaanza upya. Kisha akanyanyua macho na kumwangalia Mwalimu, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi akikoroga chai yake, na kando ya kikombe ikiwa ile simu yake ndogo ya vitufe iliyofungwa mpira.