Nilivyoachana na sigara, na kahawa iliyokuwa ikinirudisha

Nauza dawa Mwembe Tayari, Mombasa. Kwa miaka 19 nilivuta sigara 18 kwa siku, na katika miaka hiyo yote sikuwa na siku hata moja ya kutojua zinanifanya nini. Nilikuwa nikimpa mzee dawa yake ya pumu ya kuvuta, namwonyesha namna ya kushikilia pumzi, akishaondoka natoka uani kuwasha. Ndiyo maana huudhika nikisikia mtu akisema wavutaji "hawajui madhara". Wanajua vizuri sana. Pakiti zenyewe hapa Kenya zina picha za kutisha tangu 2016. Anayekosekana ni mtu wa kuwaeleza sigara imewashika wapi.

Imewashika hivi. Nikotini ikivutwa hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20, ikaamsha dopamini, kemikali ya raha, na ubongo ukajifunza: rudia. Baada ya saa 2 hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu na arosto, yaani mateso ya kuikosa, imeanza. Moyo mzito, ulimi mkali kwa watu, akili haitulii kwenye hesabu. Sigara inayofuata huyaondoa hayo yote, na mvutaji husema imemtuliza. Kumbe imemrudishia tu utulivu alionyang'anywa na sigara ya kabla yake, ule ambao jirani yake asiyevuta anao tangu alfajiri bila kulipa hata ndururu. Sasa piga hesabu. Sigara moja ni mivuto 10 hivi. Sigara 18 ni mivuto 180 kwa siku, zaidi ya 65,000 kwa mwaka, na kila mvuto malipo yake hufika papo hapo. Saratani huja baada ya miaka 20 au 30, na huenda isije. Usishangae ubongo ukichagua kilicho karibu.

Kuna takwimu moja tu iliyonisogeza. Mtafiti Richard Doll na wenzake walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza mwaka 1951, wakaendelea kwa miaka 50. Hao nao walikuwa madaktari, na wengi walivuta. Waliovuta maisha yao yote walikufa takriban miaka 10 mapema kuliko wasiovuta, na walioacha wakiwa na miaka 40 walijirudishia karibu 9. Mimi nilikuwa na 39.

Ushauri niliopewa barazani ulinipotezea miaka. "Punguza pole pole, sheikh." Nilishuka hadi 8 kwa siku na nikazivuta mpaka kichungi kikaniunguza vidole. Mwili unaotaka kiasi fulani cha nikotini hukipata kwa kuvuta kwa nguvu zaidi na kushikilia moshi muda mrefu. "Vuta zile laiti," zile zinazosemwa ni hafifu. Kichungi cha laiti kina vitundu vidogo vya kuingiza hewa, ukikishika kwa vidole na midomo unaviziba, na hapo laiti imekwisha. "Basi shisha, maji huchuja." Maji huupoza moshi tu. Makaa ya juu yanatoa kabonimonoksaidi, gesi ya sumu, na saa nzima ya shisha ni moshi mwingi kuliko wa sigara. Serikali iliipiga marufuku Desemba 2017, na bado kuna wanaoiita dawa.

Ramadhani ilinifundisha zaidi kuliko wote hao. Ukifunga, saa sita mchana umekaa bila sigara tangu daku na uko sawa, lakini siku ya kawaida wakati huo ningekuwa nimeshavuta 7. Zikibaki dakika tano kabla ya adhana ya magharibi, hamu hupanda ghafla kuliko mchana mzima. Damu haikubadilika kwa dakika tano hizo. Kilichobadilika ni kwamba ruhusa imekaribia. Nikadhani basi Ramadhani itanimalizia kazi. Haikunimalizia, kwa sababu usiku niliuacha wazi: tende, maji, sigara, na hadi daku nimefikisha 9. Kila usiku nilikuwa nikijaza upya kile nilichokimwaga mchana, na Idi ikanikuta palepale.

Nilichokichukua kutoka Ramadhani ni kwamba hamu ina saa zake na mahali pake. Basi nilikata kikaratasi, nikakiweka ndani ya pakiti pamoja na kalamu ya risasi, na kwa siku 7 sikuwasha chochote kabla ya kuandika saa na ninachofanya. Sikupunguza, niliandika tu. Kati ya zile 18, kama 5 hivi zilikuwa arosto halisi, ya kwanza na mbaya zaidi ikiwa ile ya dakika kumi baada ya kuamka. Nyingine zote zilikuwa zimefungwa kamba na kitu: kifinjani cha kahawa, chakula cha mchana, foleni ya feri Likoni, baraza baada ya isha, miraa siku ya Jumamosi. Arosto ina dawa. Kamba inataka kukatwa moja moja. Ukizichanganya hizo mbili, dawa utaiona haifanyi kazi.

Dawa niliyotumia ni chingamu ya nikotini. Ukiwasha ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka, chukua ya miligramu 4. Ukiweza kukaa zaidi, ya miligramu 2 inatosha. Ni ghali, boksi lilikuwa elfu mbili na ushei, ila sigara zilikuwa zikinila elfu saba na zaidi kwa mwezi.

Na hapa ndipo niliposhindwa mara ya kwanza, mimi muuza dawa. Niliitafuna kama chingamu ya dukani, haraka haraka, huku nimekaa na kahawa tungu. Muuza kahawa hupita kwetu asubuhi na dele lake juu ya makaa, anavigonganisha vifinjani, na mkono wangu ulikuwa ukiingia mfukoni kabla hajamimina. Nikotini ya chingamu huingia mwilini kupitia ngozi laini ya ndani ya shavu, na mdomo ukiwa na uchachu haiingii. Kahawa ina uchachu. Juisi ya ukwaju, ndimu na soda ni vilevile. Nikotini yote ikateremka tumboni na mate: kwikwi, kiungulia, kichefuchefu, na arosto iko palepale. Siku ya 4 nikanunua sigara.

Itafunwe hivi, kama nilivyofanya mara ya pili. Usinywe wala kula kitu kwa dakika 15 kabla, na usinywe kitu ingali mdomoni. Tafuna taratibu mpaka usikie ukali kama wa pilipili manga, kisha simama, uisukume kati ya shavu na ufizi. Ukali ukiisha, tafuna tena kidogo, uiweke shavu la pili. Moja huchukua dakika 30. Wiki 6 za mwanzo ni moja kila saa 1 hadi 2, na usipungue 9 kwa siku. Wengi hula 3, wanaona haifai. Wiki ya 7 hadi ya 9 ni kila saa 2 hadi 4, kisha kila saa 4 hadi 8 mpaka wiki ya 12. Usipite 24 kwa siku.

Kahawa ilikuwa na mtego wa pili, na huu hata wenzangu wa kazi walikuwa hawaujui. Moshi wa sigara huliamsha ini livunje kafeini haraka. Moshi ndio unaofanya hivyo, nikotini haihusiki, kwa hiyo chingamu haikusaidii hapa. Ukiacha, ndani ya siku chache ini hupunguza kasi, na kafeini katika damu inaweza kufika karibu mara mbili kwa vifinjani vilevile. Mimi nilikuwa mtu wa vifinjani 6. Moyo ukawa unanienda mbio, silali, namfokea kila mtu, nami nikaamini ni arosto. Nilishuka hadi 3, na hakuna hata kimoja baada ya alasiri. Usiku wa tatu nililala. Ni wangapi wamerudi kwenye sigara kwa sababu ya kahawa, wakidhani wameshindwa wao! Anayetumia theofilini ya pumu au klozapini ya maradhi ya akili amwone daktari kabla ya kuacha, kwa kuwa dawa hizo nazo hupanda katika damu kwa njia hiyohiyo.

Kilele cha arosto ni siku ya 2 na ya 3. Hamu moja ikishuka hudumu dakika 3 hadi 5, kisha huondoka hata usipoipa kitu. Nilikuwa nikiitazama saa ya ukutani. Choo kitafunga: papai na maji. Kikohozi huweza kuzidi wiki za mwanzo, na watu hutishika. Ni vinyweleo vya njia ya hewa vinaamka na kufagia makohozi. Uzito nao hupanda kilo 4 au 5 kwa wengi.

Adui mkubwa mtaani ni sigara ya moja moja. Sheria ya mwaka 2007 inataka pakiti isiyopungua sigara 10, lakini kila kibanda kinakuuzia moja, na shilingi ishirini mtu haoni kama ameamua lolote. Nilimfuata mwenye kibanda, nikamwambia, "Babu, hata nikija nalia usiniuzie." Akacheka, lakini nilipokwenda siku ya 11 alinikatalia mbele za watu, akanipa maji. Mungu amlipe.

Kamba za kahawa na chakula zilikatika mwezi wa kwanza. Miraa niliiacha kabisa, sikupata njia nyingine. Ya baraza ilikatika nilipohamia upande wanaokaa wasiovuta. Ya feri ndiyo iliyochelewa. Nilikuwa nikiweka chingamu shavuni kabla ya kushuka mteremko wa Likoni, nasimama mbali na mahali nilipozoea, na bado, nikisikia mlango wa feri unagusa saruji, kidole gumba kilikuwa kikitafuta kiberiti. Mwezi wa 8 tangu niache nilivuka, nikapanda matatu ya Shelly, nikalipa nauli, ndipo nikagundua sikuikumbuka sigara.