Ukoka wangu uligeuka njano, jibu lilikuwa chini ya kibomba cha AC

Ukoka wa mbele ya nyumba yangu Kigamboni ulianza kubadilika rangi mwezi wa saba, na kila aliyepita getini alikuwa na jibu lake. Jirani: "Hauna maji huo, mwagilia asubuhi na jioni." Kijana wa duka la pembejeo: "Hiyo njano ni njaa, weka urea." Mzee mmoja wa mtaani akaapa kuwa ni wadudu. Nikafuata yote, na miezi miwili ikapotea.

Urea ndiyo iliyoniumiza zaidi. Niliitupa kwa mkono jioni, nikamwagilia, nikasubiri. Kabla ya wiki kuisha mabaka ya njano yalikuwa ya kahawia, ukikanyaga yanavunjika kama makuti makavu. Nikaongeza maji, yakazidi. Bado nina hasira na ushauri ule, maana yule kijana hakuniuliza hata swali moja: yameanza majani ya chini au ya juu? Unamwagilia maji gani? Nyasi zenye njaa ya naitrojeni hufifia kuanzia majani ya zamani, jani zima. Zangu ziliungua kuanzia ncha, kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto, huku shina likiwa bado kijani.

Suala la wadudu halikunichukua hata dakika. Shika ukoka, uvute. Ukinyanyuka kama mkeka, chini kuna funza weupe waliokula mizizi. Wangu uligoma kung'oka.

Jumapili moja naanika nguo nyuma ya nyumba, nikaona duara la kijani kibichi, upana wa sinia la pilau, pale kibomba cha AC kinapodondoshea maji. Hatua moja pembeni, njano tupu. Udongo uleule, jua lilelile, na urea nilitupa kote. Kilichotofautiana ni maji. Ya AC yanatoka hewani, hayana chumvi. Niliyomwagilia mimi yanatoka kisimani, na huku pwani visima vingi vina chumvi. Tumeyatumia miaka hadi ulimi hauisikii tena.

Nilitaka uhakika. Nikachemsha lita mbili za maji ya kisima kwenye sufuria safi hadi zikakauka kabisa. Chini ukabaki ukoko mweupe. Nikaukwangua kwa kijiko, nikauonja: chumvi. Maji ya boza, yale yasiyo ya chumvi, nayo nikayachemsha hivyohivyo, yakaacha vumbi kidogo tu. Kisha nikazungushia kamba vipande viwili, mita moja kwa mita moja, ndoo sawa kwa sawa: kimoja kisima, kingine boza. Wiki ya tatu jirani alisimama getini akaniuliza, "Hicho cha kijani umekiwekea nini?"

Kumbe ile asubuhi na jioni ndiyo iliyokuwa inaumaliza. Maji machache yanakauka juu, chumvi inabaki, kesho unaongeza nyingine. Udongo umelowa lakini mizizi haiwezi kuyanywa maji yale. Na juu yake nikatupa urea, tunayoiita mbolea ya chumvichumvi! Jina lenyewe lilikuwa linaniambia.

Nikatoboatoboa udongo kwa uma wa bustani, hasa pale gari linapogeuzia, nikanunua maboza mawili (laki mbili na kitu, sikumbuki vizuri) nikayamwaga taratibu yazame, yaisukume chumvi chini ya mizizi. Mvua za vuli zikamalizia. Palipokufa kabisa nilipanda paspalamu ya pwani, ambayo huvumilia chumvi kuliko ukoka wa kawaida. Nikilazimika kutumia kisima, namwagilia mara moja kwa wiki, mengi hadi yashuke chini.

Kibomba cha AC nacho nimekiungia mpira hadi kwenye ndoo. Siku za joto haichelewi kujaa, na maji yake yote yanakwenda kwenye ile kona ya getini iliyoanza kugeuka njano kwanza.