Kaya ngapi kwenye nyumba moja?

Ukiuliza sosholojia ni nini utaambiwa "elimu ya jamii", basi. Si uongo, ila haikusogezi popote. Tangu Mfaransa Auguste Comte alipolieneza neno hilo miaka ya 1830, kazi imekuwa kuchunguza watu wanavyoishi na wenzao: nani anaamua, nani anamtegemea nani. Kwa vitendo, ugumu huanza na neno dogo tu, kaya.

Chukua nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, majiko uani. Anayehesabu milango atasema kaya sita. Sensa haihesabu milango, inatazama wanaoishi pamoja na kula pamoja. Sasa vijana wawili wa chumba cha nyuma wanalala kitanda kimoja, lakini kila mtu anakula kwa mama ntilie wake. Bibi wa chumba cha mbele analala peke yake, na hotpoti yake inatoka kwa binti yake mtaa wa pili. Uwaweke wapi hao?

Ukienda kuhoji, usiulize "mko wangapi?" Watakutajia mtoto aliye bweni na kumsahau dada wa kazi. Uliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo, kisha nani alikula chungu hiki jana, mwisho nani analeta hela hata kama yuko mbali. Andika kila jibu kwenye safu yake. Ukiyachanganya huwezi tena kuyatenganisha.

Swali la mkuu wa kaya ndilo linaloharibu madodoso (fomu za maswali) mengi. Mama atamtaja mumewe aliye mgodini Geita, miezi minane hajakanyaga nyumbani, na kodi analipa yeye mama kwa genge la nyanya. Hadanganyi, anamtunzia mumewe heshima. Usibishane naye. Andika alivyosema, halafu mbele kidogo uliza nani aliamua mtoto ahamishwe shule. Majibu mawili yakipishana, hapo ndipo penye utafiti. (Ndiyo maana wastani wa sensa ya 2022, watu 4.3 kwa kaya Tanzania, ni mwanzo wa maswali.)

Na nenda jioni, majiko yakiwa yamewashwa. Saa nne asubuhi wapangaji wako kwenye mihangaiko, na mwenye nyumba atakujibia wote.