Ufunguo wa kisima sasa wanao akina mama

Jamani nimerudi jana usiku kutoka Longido, kule Umasaini mkoani Arusha, vumbi mpaka kwenye nyusi ila roho kwatu. Kashirika ketu mnakajua, watu wanne na pikipiki moja, na kisima kimetuhangaisha miaka mitatu, ila safari hii nimekuta kinatoa maji mwezi wa 11 mfululizo.

Mwanzoni tulikosea sisi wenyewe. Tuliitisha mkutano chini ya mgunga, wakaja wazee na laigwanani, yaani kiongozi wa mila, wakatuonyesha pa kuweka bomba, palepale njia ya ng'ombe, akina mama wamekaa kule pembeni na hatukuwauliza kitu. Tukajenga. Miezi mitano pampu ikafa, kumbe kimeisha kifaa kidogo tu, na hela ya kununua kingine hamna maana hakuna aliyekuwa anakusanya, basi akina mama wakarudi korongoni na punda na madumu yao kufukua mchanga. Iliniuma sana. Umasaini mama ndo anajenga nyumba, ndo anakamua, ndo anafuata maji, sasa unapangaje maji bila yeye?

Tuliporudi tulipita boma kwa boma asubuhi wakishamaliza kukamua, takwenya, iko, ndo salamu za Kimaasai hizo, unakaa unapewa chai ya maziwa unasikiliza. Koko mmoja, yaani bibi, akaniambia mwanangu, pale mlipoweka ng'ombe wakishafika sisi tunasubiri mpaka jua linazama. Tukalirudisha hilo kwa wazee kwa heshima zote, wakakubali, bomba la watu likahamia juu karibu na maboma na birika la mifugo likabaki chini. Hela sasa inashikwa na kikundi cha vikoba cha akina mama, shilingi 50 kwa dumu, sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo uko kwa mama wake. Pampu iliposumbua mwezi wa sita waliita fundi wakamlipa, sisi tukaja kusikia baadaye!!

Na wenzangu mnaochimba visima ukanda huu naombeni mpime maji kwanza. Miamba ya volkano huku inatoa floraidi nyingi, madini yanayoyeyuka kwenye maji, ndo haya meno ya kahawia mnayoyaona Arusha, na ikizidi sana inapinda mifupa ya watoto. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kipimo ni hela kidogo ukilinganisha na kuchimba, sioni kisingizio.

Sasa hivi akina mama wanataka hati ya kimila ya kumiliki ardhi kama kikundi, ile ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, wapate eneo la kutunza nyasi kama olopololi, yale malisho yanayotengwa kwa ajili ya ndama. Ukame wa 2022 ulimaliza ng'ombe wengi mno, yeyo mmoja, yaani mama, alibakiwa na mbuzi wawili tu, na yeye ndo kashikilia hili jambo kuliko wote. Nimewaahidi kurudi na afisa ardhi wa halmashauri kabla ya masika, kwa hiyo kesho asubuhi naanzia ofisini kwake.