Siku niliyoona mdudu mwenye matumbo mawili

Nilikua nasoma Ujerumani, prof wetu akatuletea mayai ya Smittia, ndugu wa wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi kule kwetu Mwanza. Yai lenyewe halifiki hata milimita moja, unaziba upande wa nyuma afu wa mbele unaupiga mionzi ya UV, basi, unasubiri kiinitete kikue. Jaribio la siku nyingi hili, wanasayansi Kalthoff na Sander walilifanya Freiburg, hukohuko Ujerumani, miaka ya 60.

Mi nilijua mionzi itaunguza tu, nitakuta kitu kimekufa au kina kidonda huko mbele. Siku ya kuangalia naweka jicho kwenye maikroskopu natafuta kichwa, hakipo. Huku tumbo, na huku tumbo, pingili zote zipo, la pili limegeuziana na la kwanza kama mtu na kioo, hamna kichwa wala kifua, na kiko hai jamani, kinajinyonganyonga humohumo kwenye ganda! Nikamwita mwenzangu Mkenya, "dada hebu njoo uone", akaangalia weee, akasema tu "sasa hiki kitakula na nini?" Kwakweli niliingiwa na huruma.

Ila kilichonishika zaidi ni sahani ya pili. Mayai yalipigwa UV ileile, afu yakamulikwa mwanga wa bluu, na mengi yalikua na vichwa vyao safi kabisa. Prof akatueleza, mama anaweka RNA (nakala ya maagizo ya jeni) mbele ya yai, ndo inayoagiza hapa kijengwe kichwa, UV inaiharibu na mwanga wa bluu unasaidia yai kuirekebisha. Agizo likikosekana seli hazikai bure, zinajenga tumbo zima. Na ukitoboa yai kwa mbele ndani ya kimeng'enya kinachokata RNA unapata matumbo mawili vilevile, hapo nikaamini.

RNA gani sasa, hakuna aliyeijua kwa miaka mingi. Inzi wa matunda anatumia jeni inayoitwa bicoid, hawa wadudu wetu hawana hiyo jeni kabisa. 2015 ndo timu ya Schmidt-Ott kule Chicago ikaipata kwa Chironomus, ndugu mwingine wa Smittia, wakaiita panish, ukiizima unapata matumbo mawili bila UV yoyote. Nilivyosoma hiyo habari nikamtumia yule dada usiku uleule, tukapiga stori mpaka saa nane.